Tuhesabu Mama Zetu

Kasongo, 4 Machi 2024

Shangazi yangu Mwamini,

Asalam alaikum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukali. Huku sote wazima. Mama anakusalimu sana. Ule mkeka uliomtumia ameutandika chumbani na hataki mtu aukanyage hata kwa soksi. Baba naye yupo dukani kwake kama kawaida, analalamikia bei ya sukari kana kwamba yeye si muuzaji.

Utashangaa mimi kukuandikia kwa kalamu, mimi niliyekuwa nikikucheka kwamba barua ni mambo ya zamani. Sina simu. Baba ameninyang'anya wiki mbili zilizopita na kuifungia kabatini, pamoja na karatasi za nyumba. Ufunguo anatembea nao shingoni. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la tano, napokonywa simu kama mtoto aliyeiba sukari.

Sababu ni hii. Unaijua desturi yetu ya kuhesabu. Kijana akija kuposa, wazee wanamkalisha na kumtaka ahesabu mababu zake, baba wa baba wa baba, mpaka afike kwa yule aliyekuja na misafara ya Waarabu kutoka pwani. Akifika saba, analetewa chai. Akikwama kwa wa tatu, na huyo wa tatu ana jina la bwana aliyemnunua, chai haiji, na watu wanaanza kuitazama pua yake na nywele zake kana kwamba hawajawahi kumwona. Eti sisi Waarabu, wao watumwa. Shangazi, nimejitazama kwenye kioo. Uarabu wetu labda umebaki kwenye birika.

Basi mwezi wa kwanza nilifungua ukurasa kwenye Fesibuku, nikauita Tuhesabu Mama Zetu. Nilisema jambo moja tu: wale wa misafara walikuja karibu wote bila wanawake. Tukihesabu mama badala ya baba, wengi wetu tutafika kwa msichana wa hapa hapa, aliyechukuliwa kwa nguvu. Nikawaomba watu wataje mama zao, mama wa mama wa mama. Walikuja wengi, sikutegemea. Walioko Ulaya, Lyon na Bruxelles, wananipongeza. Jirani wa mlango wa pili hanisalimu.

Nikaona nianze na mimi mwenyewe. Nikaandika: nyanya yangu Zaina, aliyemzaa Baba, mama yake Mwajuma, mama yake Mwajuma ni Maua, binti wa tajiri wa Ujiji. Ndivyo tulivyofundishwa wote, nikaandika bila kufikiri. Mtu mmoja akajibu chini yake: "Mumuone huyu. Anatupigia kelele ya watumwa, na yeye iko anajivuna na Ujiji yake." Watu mia mbili wakacheka, na wana haki. Katika ukurasa mzima ni mama yangu mimi peke yake aliyekuja kwa hiari. Siku ile ile mtu akamwonyesha Baba, na simu ikaingia kabatini.

Wewe ndiye uliyekaa na Nyanya Mwajuma. Je, Maua alikuwa mtu wa Ujiji kweli? Niandikie unalolijua, hata kama ni kidogo. Nauliza pia kwa ajili ya rafiki yangu mmoja, ambaye mchumba wake atahesabiwa mwaka huu.

Barua anayo Chadrack wa piki, yule kijana wa pikipiki. Ni mwaminifu, ila ukimpa chakula hataondoka.

Mwanao,
Amisa


Kabambare, 2 Aprili 2024

Mtoto wangu Amisa,

Alaikum salam. Nakuandikia nikiwa nimefunga, kwa hiyo ukiona maneno makali ujue ni njaa. Chadrack alifika amelowa mpaka kwenye meno, daraja limeondoka na mvua na piki waliibeba watu wanne. Barua yako alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka chini ya kofia. Mwambie mama yako mkeka ni wa kukanyagwa, kama ningetaka autazame ningemtumia picha.

Karanga zimeota vizuri. Mbuzi wa jirani amekula mstari mmoja, nimemwambia jirani, naye amemwambia mbuzi.

Sasa hiyo Fesibuku. Mtu akitaka kusema na jirani, anakwenda kwa jirani. Wewe umepanda juu ya paa, halafu unashangaa watu kukutazama miguu. Mambo haya yamelala, mwanangu. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Baba yako ni mdogo wangu, namjua tangu anatambaa. Ukimsukuma mbele ya watu hatasogea, atakaa chini.

Kuhusu Nyanya Maua, alikuwa mpole na alipenda chumvi. Mengine yamenitoka.

Na huyo rafiki yako ana jina? Wote uliokuwa ukinihadithia ulipokuja likizo walikuwa na majina, na mengine hata sikuyauliza.

Shangazi yako,
Mwamini


Kasongo, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Idi ilipita salama, tumekula na tumekukumbuka. Mama amesikia la mkeka, amecheka mpaka akakaa, lakini bado hatuukanyagi. Walimu hatujalipwa, hilo si habari.

Rafiki ni mimi. Umenikamata, na hakuna haja ya kuzunguka. Mchumba anaitwa Zuberi, ni fundi wa simu sokoni, anakaa kwenye kibanda cha mabati pale wanapouza mafuta ya mawese. Ni mtu wa kusema kidogo. Nilimpelekea simu yangu mara tatu kwa ubovu ule ule kabla hajaelewa kwamba simu haina ubovu. Mababu zake ni watatu tu, na wa tatu anaitwa Feruzi wa Bwana Nasoro. Kila mtu mjini anajua maana ya hiyo "wa Bwana". Yeye mwenyewe hafichi.

Ukurasa niliufungua kwa ajili yake, sasa unajua. Si kwa ajili yake peke yake. Waliotaja mama zao walinifundisha kwamba tuko wengi. Lakini katika baraza la wazee mimi sina kiti, ninakaa nyuma ya pazia na birika, nikingoja kuitwa au kutoitwa. Ndiyo maana nilisemea pale ambapo hakuna pazia.

Baba ameweka siku ya kumhesabu: Jumapili tarehe 23 Juni, wiki moja baada ya Idi Kubwa. Nilimwambia, "Baba, unajua hatafika saba." Akajibu, "Desturi ni desturi. Haikuanza na mimi." Zuberi amesema akirudishwa ataondoka, atakwenda Kalemie kwa kaka yake, kwa sababu hawezi kukaa mji mmoja na mimi na kunisalimia kama mpita njia. Ameniuliza kama nitamfuata. Nimekataa, Shangazi. Sitaki kutoroka kama mwizi wa kitu changu mwenyewe. Nataka akae ndani ya nyumba yetu, mbele ya wazee wetu, na chai iletwe.

Umeniandikia kwamba Nyanya Maua alipenda chumvi. Mtu anayesahau yote, mbona akumbuke chumvi?

Mwanao,
Amisa


Kasongo, 27 Mei 2024

Shangazi,

Salamu kwanza. Wote wazima, Mama na mafua tu.

Chadrack anasema alikupa barua yangu mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaingia ndani, ukakaa huko, halafu ukatoka na kumwambia, "Wende, hakuna jibu." Hukumpa hata karanga. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtu asiyempa Chadrack karanga ana jambo moyoni.

Kama nimekuudhi nisamehe. Kama unaumwa, niambie nije. Zimebaki wiki nne na sina mwingine wa kumuuliza.

Amisa


Kabambare, 10 Juni 2024

Mtoto wangu Amisa,

Salamu nyingi. Karanga tumevuna, si nyingi lakini zimejaa. Chadrack safari hii amekula vya kutosha. Goti limerudia ukali wake kwa sababu nitakayokueleza.

Sikukujibu kwa sababu niliona haya. Naliandika hili mwanzoni ili lisinishinde mwishoni.

Nyanya Maua hakuwa mtu wa Ujiji. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tunapepeta mpunga na Nyanya Mwajuma, wawili tu, ndipo aliponiambia. Mama yake alizaliwa upande wa Lusangi, Mubangubangu, kabila la wenyeji wa huku, na jina alilopewa na mama yake ni Kisanga. Alikuwa msichana mdogo, amekwenda kuchota maji. Watu wa msafara walimchukua pale pale mtoni, wakamleta hapa Kabambare ninapokuandikia, na hapa akabadilishwa kwa chumvi. Bwana aliyemchukua alikuwa na ndugu zake Ujiji, akamwita Maua, akamfundisha akiulizwa aseme natoka Ujiji. Alisema hivyo mpaka kufa kwake. Ila alikuwa na punje za chumvi kwenye pindo la nguo, na mara nyingine alizilamba mbele ya binti yake akisema anataka kujua ni tamu kiasi gani hiyo waliyoipenda kuliko yeye.

Nyanya Mwajuma aliniapisha nisimwambie mwanaume yeyote wa nyumba yetu. Kwa hiyo baba yako hajui. Alichofundishwa ni Ujiji, kama wewe.

Sasa sikiliza la pili. Mwaka wa sabini na nane aliniposa kijana mmoja, Bulaimu, mshonaji. Nguo aliyonishonea ya kwanza ilikuwa fupi mkono mmoja, kwa sababu alikuwa akinitazama mimi na si kitambaa; aliichukua airekebishe, na haikurudi kwangu. Wakamkalisha wakamhesabu. Akafika tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi, na neno nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema tu, "Baba, mkeo anatoka kwa Kisanga," na baba yangu angekosa pa kusimama. Nilinyamaza. Niliona haya ya kuwa mtoto wa aliyenunuliwa, na kwa haya yangu yeye akafukuzwa kwa kosa hilo hilo. Aliinuka, akaagana na wazee wote kwa mkono, hata wale waliomcheka. Nasikia alihamia Kindu. Mimi nikakubali kuolewa huku mbali, na marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini lile birika, Amisa, sijaliweka chini.

Uliponiandikia kwamba utakaa nyuma ya pazia, nilisoma mara moja tu, nikashindwa kurudia.

Ningeweza kuishia hapa, lakini baba yako angesema barua umeitunga wewe. Sauti ya dada yake hawezi kuikana, na binti wa kwetu haposwi bila neno la shangazi, hiyo nayo ni desturi na haikuanza na yeye. Kwa hiyo juzi nilimwambia Chadrack anipeleke kilimani, pale simu inaposhika mtandao. Piki ilikataa katikati, nikapanda kwa miguu, ndiyo habari ya goti. Akanishikia simu yake ili irekodi sauti yangu. Akaniambia, "Mama, ongea karibu na telefone, kama vile unaongea na mutu ule hasikiake muzuri." Nikamwambia, "Batu nitaongea nao ni bandugu zangu. Habasikiake muzuri tangu kuzaliwa."

Nikahesabu. Mimi Mwamini, mama yangu Zaina, mama yake Mwajuma, mama yake Kisanga wa Lusangi, aliyebadilishwa kwa chumvi. Nikasema kuna mtu aliyenyimwa chai nyumbani kwetu kwa sababu nilijua na nikanyamaza, na kama yu hai ninamwomba msamaha. Chadrack akaituma sauti hiyo kwenye grupu ya ukoo, walimwingiza humo kwa kuwa ndiye anayebeba mizigo yetu, watu mia na arobaini, Kasongo, Kindu, Bukavu, mpaka Bujumbura. Kisha nikamwambia azime simu, nisije nikasikia walichosema. Nilishuka kile kilima nikiwa mwepesi, na goti linauma, na ninacheka peke yangu. Chadrack alidhani ni jua.

Ukiipata, iweke kwenye hiyo Fesibuku yako. Nilikusema vibaya bure. Ulipanda paani kwa sababu ndani tuliziba masikio. Jina langu usilifiche, wala la Kisanga. La Bulaimu usilitaje. Sijamwomba ruhusa.

Shangazi yako,
Mwamini


Kasongo, 25 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Asalam alaikum, na safari hii salamu zote ni zako wewe, wengine watangoja.

Sauti yako ilifika kabla ya barua. Siku hiyo sikujua lolote; niliona tu Baba amefunga duka mchana, jambo ambalo hafanyi hata kwa msiba wa mbali. Alikaa uani na simu sikioni, akasikiliza, akarudia, akarudia tena. Alasiri akaja mezani nilipokuwa nasahihisha madaftari, akavua ule ufunguo shingoni, akaenda, akarudi na simu yangu, akaiweka juu ya madaftari. Akasema, "Shangazi yako amekutumia kitu." Halafu akasema, akitazama kwingine, "Alikuwa akinipa chumvi. Mwajuma. Nikiwa mutoto. Alikuwa anaitia mukononi mwangu na kunitazama." Nikaona machozi yake, Shangazi, na sikuwahi kuyaona kabla.

Niliiweka kwenye ukurasa siku ile ile, na maneno haya tu: Nilikosea, nyanya yangu hakuwa mtu wa Ujiji, msikilizeni shangazi yangu. Matusi yapo, sitakudanganya. Mmoja amesema tumelipwa na Wazungu; kama ni kweli, walimu tungekuwa wa kwanza kufurahi. Lakini watu wamekuja na mama zao, wengi kuliko mwanzo, na safari hii wanarekodi nyanya zao wenyewe wakisema. Yule aliyenicheka kwa Ujiji amemtaja mama wa nne wa upande wake. Naye alichukuliwa mtoni.

Sasa Jumapili. Wazee walikaa, Zuberi akakaa na baba yake, na mimi nyuma ya pazia na birika. Wakaanza. Baba wa Zuberi akahesabu: mmoja, wawili, Feruzi wa Bwana Nasoro. Akasema, "Ni hapo tunasimama." Nikafumba macho. Nikamsikia Baba anasema, "Muzuri. Sasa mutuhesabie bamama."

Baba wa Zuberi akafika wa pili akakwama. Hakujua. Wakamtuma mtu nje kumwita dada yake aliyekaa na wanawake, naye akaingia amejifuta mikono, akahesabu watano bila kupumua. Wa tano alikuwa mtu wa kabila la Wazimba, alizaa watoto tisa, na mume wake alimwogopa. Wazee wakacheka. Ndipo huyo mama akageuka na kuuliza, "Na benu?" Wazee wetu wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyeweza kupita nyanya yake! Ikabidi Baba ahesabu mwenyewe, na akahesabu kama ulivyohesabu wewe. Akafika mpaka kwa Kisanga, aliyebadilishwa kwa chumvi.

Baba mkubwa Hamadi alitoka kabla Baba hajamaliza kuhesabu, na mpaka leo hajaja kula kwetu. Mama anasema wali ataufuata.

Kisha Baba akasema kwa nguvu, "Amisa, chai iko wapi?" Nilitoka, Shangazi. Kwa haraka nikamwagia baba wa Zuberi nusu kwenye sahani, naye akainywa humo humo kwenye sahani kana kwamba ndivyo alivyotaka. Zuberi hakunitazama hata mara moja, ila kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nilirudi nyuma ya pazia nikakaa chini na birika tupu mapajani, nikalia mpaka Mama akaja kunicheka.

Harusi ni mwezi wa tisa. Neno lako tunalo, sasa tunakutaka wewe.

Jambo la mwisho. Katika maneno waliyoandika watu chini ya sauti yako, karibu mia nne, kuna moja ambalo wengine hawakulielewa na wakalipita. Jina la Bulaimu sikulitaja popote kama ulivyotaka. Nakunakilia lilivyo:

"Umechelewa, Mwamini, lakini umefika. Mkono ule mfupi niliurefusha, nguo ninayo. Bulaimu, Kindu."

Mwanao,
Amisa


Kabambare, 12 Julai 2024

Mtoto wangu Amisa,

Alaikum salam. Nashukuru kwa habari zote. Salimia baba yako, mwambie ameniheshimu, na mwambie Hamadi nitakuja kumlisha mimi mwenyewe. Karanga nimeweka gunia moja la harusi, Chadrack analitazama kila akija lakini nimelishona mdomo. Daraja wameanza kulitengeneza. Wasipolimaliza nitabebwa na watu wanne kama piki.

Barua yako nimeisoma uani, mchana kweupe, kwa sauti, na jirani alisikia, na mbuzi pia. Pale mwisho nilirudia mara nyingi, sijui ngapi. Sikulia. Nililala usingizi wa mchana, mimi ambaye silali mchana, na nilipoamka nilikuwa na njaa.

Nimenunua simu. Ndogo, lakini muuzaji ameniapia kwamba inafika Fesibuku. Kilimani napanda polepole, goti limezoea. Mwambie Zuberi aniandikie kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa, mtu anafanyaje kumjibu mwingine kule. Na aandike haraka. Nimeshanyamaza vya kutosha.

Shangazi yako,
Mwamini